Bata Mzinga wa Hegge

"Kituo cha kumi na moja, daraja la Skaar," Curt Prochnow, mpanga vituo, alisoma bila kuinua macho kwenye karatasi yake. "Orlin Bakken na mwenzake."

"Mwenzake nani?" Duane Lutz aliuliza.

 Ukumbi wa chini wa kanisa ulikuwa na watu ishirini na ushei, wote wa chama chetu cha redio, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa, na kila mmoja ghafla akaona kuna jambo la kutazamwa ndani ya kikombe hicho. Daraja la Skaar liko barabara ya kokoto, maili sita kabla ya mwisho wa safari ya baiskeli. Hakuna mteremko pale, hakuna kona mbaya, wala meza ya chakula. Ni mahali pa kumweka mtu ambaye unaona haya kumwambia abaki nyumbani.

"Nitafanya peke yangu," Orlin alisema. "Nimefanya peke yangu miaka mingi."

"Sheria mpya, Mzee Orlin. Kituo bila watu wawili hakifunguliwi. Mmoja redio, mmoja daftari la namba. Ukikosa mwenzako kufikia Ijumaa, nipigie tu, nitakifuta."

"Na mwaka huu," Duane akaongeza, "vaa suruali isiyokuwa na makalio!"

Ukumbi ulicheka. Orlin naye alicheka, kwa sababu mtu wa miaka sitini na tatu asipocheka mahali kama pale huonekana anakaribia kulia. Ardis Nygaard peke yake, bibi mwembamba mwenye miwani ya mnyororo, ambaye kila mwaka hukaa Kituo Kikuu na kuongoza mazungumzo yote ya hewani, hakucheka. Alichovya mkate wake kwenye kahawa na kusema, "Duane, mwaka juzi wewe ulituma gari la wagonjwa kwenye kaunti isiyo yetu. Kunywa kahawa yako."

Kisa cha makalio kilikuwa hiki. Redio zetu hizi zina kitufe cha kusemea. Ukikibonyeza, wewe unasikika vituo vyote na wengine wote wamefungwa midomo. Usipokiachia, hakuna apitaye. Mwaka uliopita, siku ya Safari ya Gari Jeupe, Orlin aliweka maiki juu ya kiti cha pikapu yake, kisha akaikalia. Kwa dakika kumi na saba, vituo kumi na vinne na kila nyumba yenye redio bondeni walimsikia mkewe Lavonne akizungumza na mumewe, akidhani wako wawili.

"Nimechoka, Orlin," Lavonne alikuwa amesema. "Nimechoka kuendesha gari mpaka mji wa pili kupanga foleni ya chakula cha bure, ili wa hapa wasinione. Na hizo keki za shayiri wanazozisifia kanisani, unajua unga wake unatoka wapi? Ni wa sadaka. Nawalisha watu sadaka yao wenyewe, halafu wananiomba nieleze ninavyozipika."

Wakati huohuo, kituo cha tatu, msichana mmoja alikuwa amelala kwenye nyasi, joto limempiga, na mtu wa redio wa pale akibonyeza kitufe chake bure. Alipona. Lakini tangu siku hiyo Orlin akawa yule mtu wa makalio.

Na Lavonne? Jumatatu iliyofuata alifungua mlango akakuta mifuko kumi na mmoja kibarazani. Mikebe ya supu, viazi, jibini, na juu ya mfuko wa kwanza kabisa, mahali ambapo jicho halikosi, pakiti kubwa ya unga wa bei ghali. Hakuna aliyeandika jina. Hakuna aliyegonga mlango. Aliipakia mifuko yote ndani ya pikapu, akaipeleka kwenye foleni ileile ya mji wa pili, akarudi nyumbani, akaosha bakuli lake la kukandia, na kuliweka kabati la juu.

*

"Wamenipa kituo," Orlin alimwambia Lavonne jioni ya kikao, alipomkuta akimenya viazi.

"Wapi?"

"Daraja la Skaar."

"Kule? Kule hata mbwa hapotei."

"Wanataka watu wawili."

Kisu cha Lavonne kilisimama, kisha kikaendelea. "Mchukue Duane."

"Duane ana kituo chake."

"Basi baki nyumbani. Nyasi zimefika magotini."

Orlin alivuta kiti akaketi. Tangu kiwanda cha jibini kifungwe, anaendesha basi la shule asubuhi na mchana, na siku za likizo huzunguka nyumba akitafuta cha kutengeneza. Redio alifundishwa na mjomba wake akiwa na miaka kumi na miwili. Usiku wa mafuriko makubwa ni yeye aliyekesha akiwaelekeza wazima moto, na gavana alimwandikia barua ambayo mpaka leo iko ndani ya fremu, chooni, kwa sababu Lavonne alisema sebuleni ni majivuno.

"Nisipokwenda mwaka huu, Lavonne, sitarudi tena. Najijua."

"Na mimi nilirudi wapi?" Lavonne aliuliza polepole. "Kanisani nakaa benchi la nyuma. Wimbo wa mwisho ukianza, mimi nimeshafika kwenye gari. Mwaka mzima sijanywa kahawa na mtu. Wewe wanakutania makalio. Mimi wananihurumia. Chagua wewe kipi ni afadhali."

 Orlin alichukua kisu kingine akaanza kumenya naye. Alikuwa akimenya vibaya, anatupa nusu ya kiazi pamoja na ganda, na siku nyingine angekemewa.

"Nimetengeneza ndoano," alisema baadaye. "Ya mti. Nimeipigilia kwenye dashibodi. Maiki haikai tena kwenye kiti. Na nikimaliza kusema naangalia taa. Taa nyekundu ikiwaka, niko hewani. Ikizima, siko."

"Ndoano," Lavonne alisema.

"Ya mti wa mwaloni."

Viazi viliisha. Lavonne aliviosha, akaviweka jikoni, akajifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nitakuja. Nitaandika namba zako. Lakini ndani ya lile gari sifungui mdomo. Si neno, si kikohozi."

"Hata kama—"

"Hata nyoka akikupanda shingoni, nitakuandikia."

*

Safari ya Gari Jeupe ina jina hilo kwa sababu ya gari jeupe lenye viti tisa linalowachukua wagonjwa wa saratani wa bonde letu, kuwapeleka hospitali ya mjini na kuwarudisha. Kila Juni watu mia nne huendesha baiskeli maili sitini ili gari hilo lipate mafuta na dereva. Si mashindano, ingawa wanaume wa mjini wenye suruali za kubana hawaamini hivyo.

Saa nne asubuhi Orlin na Lavonne walikuwa darajani. Orlin aliita Kituo Kikuu, akaitikiwa na Ardis, akatundika maiki kwenye ndoano, akaangalia taa. Imezima. Lavonne alikuwa na madaftari mawili. La kwanza la namba za wapitao. La pili lilikuwa dogo, la kufungwa kwa waya, na ndilo alilosemea.

*Umekalia kofia yangu,* aliandika.

"Samahani."

*Kahawa?*

"Ndiyo, mama."

*Namba 88 ana soksi mbili tofauti. Mkewe hakuwepo asubuhi.*

Orlin alicheka mpaka akamwaga kahawa. Lavonne hakucheka, lakini aliandika lingine, na lingine, na kufikia saa sita Orlin alitambua kwamba mkewe hakuwahi kumwambia mambo mengi kiasi hicho tangu majira ya baridi. Waendesha baiskeli walipita kwa makundi, wakipunga mikono, vumbi likiwafuata. Hewani mambo yalikuwa ya kawaida: tairi kituo cha tano, ndizi zimeisha kituo cha nane, mtu amechoka anataka kubebwa. Wote walitajwa kwa namba za vifuani. Hewani jina la mtu aliye taabani halitajwi, hiyo ndiyo desturi yetu, maana huwezi kujua mama yake anasikiliza wapi.

Saa saba Curt Prochnow alipita na gari lake, akikagua vituo. Pembeni yake, kwenye kiti cha mbele, alikaa mbwa wake mzee wa rangi ya maziwa, aitwaye Biskuti. Curt hakushuka. Aliinamia dirishani.

"Maiki iko wapi?"

Orlin alionyesha ndoano.

"Taa?"

"Imezima."

"Vizuri sana," Curt alisema, kwa sauti ambayo watu huwasifia nayo watoto waliokwenda chooni wenyewe. "Shikamoo, mama Lavonne."

Lavonne alitikisa kichwa.

"Janelle hajambo?" Orlin aliuliza. Janelle ni mke wa Curt.

"Hajambo. Bado yuko Duluth kwa dada yake. Anasaidia na mtoto mchanga." Curt alipandisha kioo nusu. "Masafa ya akiba mnayakumbuka? Mnara wa redio ukikwama?"

Orlin alionyesha kipande cha plasta kilichobandikwa juu ya redio, namba zimeandikwa kwa wino mwekundu. Curt aliitazama plasta hiyo kidogo, kama mtu aliyeuliza swali ambalo yeye mwenyewe jibu lake amelisahau, akaondoka.

Lavonne aliandika: *Mtoto mchanga tangu Machi? Huyo sasa anatembea.*

Kisha akasoma alichoandika, akakunja uso, akaichana karatasi na kuitia mfukoni.

*

Namba 214 alikuwa mwanamume mnene wa miaka hamsini hivi, mgeni, na alikuwa peke yake. Alifika darajani akiyumba, mkono mmoja shingoni. Alishuka kwenye baiskeli kama mtu anayeshuka kitandani gizani.

"Nyigu," alisema. "Ameniuma. Mimi na nyigu... mimi siwezi nyigu."

Orlin alikwisharuka nje. "Una dawa? Ile sindano?"

"Kwenye begi. Begi liko kwenye gari la mizigo." Midomo yake ilikuwa imeanza kuvimba, na kila pumzi ilitoka na mluzi.

Walimlaza kwenye nyasi. Orlin alikimbilia maiki, na mkono ukiwa bado njiani akasikia sauti. Haikuwa ya Ardis. Ilikuwa ya Curt, lakini si ile ya kukagulia vituo.

"Usinitazame hivyo, Biskuti," redio ilisema. "Kula mkate wako. Mama yako harudi. Nimekuambia harudi. Amechukua mpaka ile mashine ya kahawa."

Orlin alibonyeza kitufe. "Kituo Kikuu, hapa kumi na moja, dharura!" Aliachia. Curt alikuwa bado anazungumza. Hakuna aliyemsikia Orlin, maana mlango ulikuwa umeshikwa na mtu asiyejua kwamba ameushika.

Mnara wetu wa kilimani hupokea sauti na kuirusha bonde zima. Una kidude cha kumkata mtu anayeng'ang'ania hewa, nacho kimeharibika siku nyingi. Tangu kisa cha Orlin, chama kimekaa vikao vitano juu ya kidude hicho, na vikao vyote vitano wamepiga kura kununua mahema.

"Nawaambia watu yuko Duluth," Curt aliendelea. "Eti mtoto mchanga! Nitasema nini mtoto akianza shule?" Akacheka, na kicheko kikavunjika katikati. Nyuma yake palisikika zogo la ajabu, kama watu mia wanaogugumia maji kwa pamoja, kisha kimya, kisha tena.

Orlin aliweka masafa ya akiba, yale ya plasta, ambayo hayapiti mnarani. Aliita. Akaita tena. Kimya. Masafa hayo huenda moja kwa moja kama jicho, na daraja la Skaar liko shimoni, vilima pande zote. Simu ya mkononi ndiyo usiseme. Kule hata ujumbe wa sikukuu hufika baada ya sikukuu.

Alimtazama namba 214. Alimtazama mkewe.

"Lavonne. Sikiliza. Mimi siwezi kumwacha huyu, akizimia nani atamfungua koo. Chukua gari. Panda mpaka makaburi ya juu. Pale utampata Ardis wa Kituo Kikuu kama uko mezani kwake. Bonyeza, sema, achia. Ardis ana redio ya pili, anasikiliza masafa haya. Ni lazima awe anasikiliza."

Lavonne alishika daftari lake dogo kifuani. 

"Mimi sina leseni," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

"Roho ya mtu ikiwa mashakani, kila mwenye mdomo ana leseni. Nenda, mama. Nenda!"

*

Pikapu ilipanda ile barabara ya makaburi ikirusha kokoto. Lavonne aliisimamisha penye lango, mahali ambapo bonde lote hulala chini yako, na mnara wa kanisa ukaonekana mdogo kama kijiti. Akaitoa maiki kwenye ndoano ya mwaloni.

Kidole kilikataa. Alikiona kimekaa juu ya kitufe kama si chake. Mara ya mwisho sauti yake kupita kwenye kitu hiki, bonde zima lilijua unga wake ulitoka wapi. Akafumba macho. Akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka.

"Ardis," alisema. "Ni Lavonne Bakken. Ardis, uko hapo?"

Aliachia. Mlio wa upepo. Kisha:

"Niko, mwanangu. Nilijua atakuwa Orlin, au wewe. Wengine wote wanabonyeza masafa yaleyale yaliyokwama. Sema, ova." Hewani, "ova" maana yake nimemaliza, zamu yako.

"Daraja la Skaar. Mtu ameumwa na nyigu, anavimba midomo, anapumua kwa shida. Dawa yake iko kwenye gari la mizigo. Ni yule... ni namba mbili, moja, nne. Orlin yuko naye. Ova."

"Mbili, moja, nne, daraja la Skaar, nyigu. Gari la wagonjwa liko kituo cha tisa, na mimi nina simu ya waya hapa. Dakika nane. Umesema vizuri sana. Sasa nisikilize, Lavonne. Yule bwana bado anaongea, na mimi siwezi kuongoza baiskeli mia nne kwa njia hii. Hajibu simu. Kuna anayejua yuko wapi? Ova."

Lavonne alirudisha redio kwenye masafa ya mnara. Hakutaka, lakini alifanya.

"...kitanda kizima changu mwenyewe, Biskuti, na bado nalala ukingoni," Curt alikuwa anasema. "Sijui kwa nini nakuambia haya. Wewe unataka jibini tu."

Lavonne aliyaacha maneno yapite. Alisikiliza nyuma yake, kama unavyomsikiliza mtoto chumba cha pili huku jikoni kunachemka. Lile gugumio tena, mia kwa pamoja, kisha kimya. Na katikati ya kimya, kitu kilichokuwa kikilia *kwii-kwaa, kwii-kwaa*, chuma kisichotiwa mafuta.

Novemba iliyopita, kabla ya Sikukuu ya Shukrani ambayo kila nyumba hula bata mzinga, Lavonne alinyonyoa ndege hao wiki tatu kwa mfugaji Hegge, mikono kwenye maji ya moto kuanzia alfajiri. Hakumwambia mtu. Dirisha la banda la kunyonyolea lilitazamana na kinu cha upepo kinachovuta maji, na kinu hicho, kila mzunguko, kililia *kwii-kwaa*. Alikuwa akikisikia mpaka usingizini.

"Ardis," alisema kwenye masafa ya akiba, na safari hii kidole hakikungoja. "Yuko kwa Hegge. Nyuma ya banda. Naenda, ova."

*

Curt alikuwa ameegesha chini ya mti, milango wazi. Alikaa upande wa usukani, mkate mkononi, macho mekundu. Redio yake ya mkononi ilikuwa kwenye kiti cha abiria, na juu yake, kidevu kimetulia barabara juu ya kitufe, alilala Biskuti. Nyuma ya uzio bata mzinga mia walinyoosha shingo na kugugumia kwa pamoja.

Alipomwona Lavonne anakuja mbio alifungua mdomo. Lavonne aliweka kidole kwenye midomo yake. Kisha akainua daftari dogo, akaandika, akamwonyesha.

*KITUFE.*

Curt alisoma. Alitazama mbwa. Alitazama ile taa nyekundu iliyochungulia chini ya sikio la Biskuti, na rangi ikamtoka usoni kuanzia juu kwenda chini, kama kioo cha gari kinachoshushwa. Kwa vidole viwili aliinua kichwa cha mbwa. Taa ikazima. Papo hapo redio ikalipuka kwa sauti za watu watano wakiita mara moja, na juu yao wote sauti ya Ardis, tulivu: "Vituo vyote, kimya. Naanza na kituo cha kwanza."

Curt alizima sauti. Alikaa, mkate bado mkononi.

"Muda gani?"

"Dakika kumi na nne hivi."

"Kumi na nne." Aliitazama redio. "Kuna mtu aliyeumia?"

"Yupo, darajani. Gari la wagonjwa linamfikia sasa. Ardis alipokea."

Curt aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa usukani. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ya mtoto aliyevunja kitu. "Mmesikia nini?"

Lavonne alimtazama mtu huyu, ambaye saa moja iliyopita alimkagulia mumewe maiki kama anamkagulia kucha. Alikumbuka mifuko kumi na mmoja. Alikumbuka pakiti ya unga. Mwaka mzima alikuwa akijiuliza ni kitu gani alichotaka wamfanyie badala yake, na hakuwahi kupata jibu. Sasa lilikuwa linagugumia nyuma ya uzio.

"Bata mzinga," alisema.

Curt aliinua uso. "Bata mzinga?"

"Bata mzinga wa Hegge. Wana kelele sana."

Curt alimtazama usoni. Alijua. Lavonne naye alijua kwamba amejua. Biskuti alichukua mkate uliokuwa mkononi mwa bwana wake, taratibu, bila kugombana na mtu.

*

Jioni, ukumbi wa chini wa kanisa ulijaa watu waliochomwa na jua. Kulikuwa na viazi vya tanuri na nyama ya kusaga na kahawa ile ile. Ardis alisimama na kusema kwamba namba 214 yuko hospitali, anapumua vizuri, na swali lake la kwanza lilikuwa kama kuna aliyeichukua baiskeli yake. Watu walipiga makofi. Orlin, ambaye alimshika mtu huyo mkono na kumsimulia habari za mafuriko mpaka gari lilipofika, alipigwapigwa mgongoni akawa hajui mikono yake aiweke wapi.

Lavonne alikuwa amekaa. Si karibu na mlango. Alikuwa mezani, katikati, na kikombe.

Kisha Curt akaingia, peke yake, kofia mkononi. Ukumbi ukafanya kile ulichofanya siku ya kikao. Kila mtu akatazama kahawa yake. Pembeni, mama mmoja tayari alikuwa amekwishatia viazi kwenye sahani, sahani kubwa mno, na uso wake umeandaliwa kwa huruma.

Duane hakuweza kujizuia. Hajawahi kuweza. "Haya, Curt! Biskuti naye anafanya mtihani wa leseni lini? Maana leo tumesikia—"

"Umesikia nini, Duane?" Lavonne aliuliza.

Hakupaza sauti. Lakini wengi walikuwa hawajaisikia sauti yake mwaka mzima, ila ile ya hewani, na vijiko vilisimama.

Duane alitabasamu, akitafuta wa kucheka naye. "Si sote tumesikia?"

"Mimi nimesikia bata mzinga," Lavonne alisema. "Wewe umesikia nini?"

 Orlin akaweka kikombe chini.

"Bata mzinga," Orlin alisema.

"Nina mashine mbili za kusikilizia masikioni, na nimesikia bata mzinga tu," akasema Ardis, akiketi. "Wengi sana."

"Bata mzinga," akasema mtu wa kituo cha tano. "Bata mzinga, ndiyo," akasema wa nane. Likazunguka meza kwa meza, wengine wakiangalia chini, mmoja akifuta pua, mpaka likamfikia Duane. Duane alikuna shingo. Alimtazama Lavonne, na kitu fulani kilichopaswa kumfikia mwaka mzima uliopita kikamfikia jioni ile.

"Bata mzinga," alisema. "Wale ndege hawana adabu."

Yule mama aliirudisha nusu ya viazi kwenye tanuri, akampa Curt sahani ya kawaida, kama ya mtu yeyote. Curt aliketi, akala.

*

Walirudi nyumbani jua likiwa bado juu ya vilima. Orlin aliendesha polepole, kama aliyebeba mayai. Maiki ilining'inia kwenye ndoano, ikigusa dashibodi kila kokoto.

"Ile taa imezima?" Lavonne aliuliza.

Orlin aliangalia. Akaangalia tena, kwa uhakika. "Imezima."

"Vizuri. Lile bakuli langu liko kabati la juu, sifikii. Utanishushia. Jumapili nataka kupeleka keki, na unga ni uleule wa foleni, atakayeuliza nitamwambia. Halafu kuna mambo ya Novemba sijakusimulia, ya kwa Hegge. Halafu kuna wewe na hivyo viazi, Orlin, mtu gani anamenya kiazi mpaka kinabaki kama kidonge? Usinikatize."

"Sijakukatiza."

"Unataka kunikatiza, nakuona."

Na hakunyamaza mpaka nyumbani.